Orodha Isiyo na Moja

Malalamiko yalikuwa ya ukurasa mmoja, yamepigwa chapa vizuri, nayo yalimkuta Mbaraka Amundala sokoni Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, Jumatatu asubuhi, ameshika koti la kike huku mteja akitafuta tundu lolote la kulishushia bei. Ilikuwa Juni, upepo wa wilaya ya Dowa unakata masikio, na makoti yalikuwa yanatoka haraka. Mbaraka aliusoma ukurasa mara mbili, akamwachia mteja koti kwa bei aliyoitaka, akafunga meza. Mteja aliondoka akiamini kwamba ameshinda kwa ubishi wake.

Kule Kindu, nchini Kongo, Mbaraka alikuwa ofisa wa polisi wa upelelezi kwa miaka kumi na tisa. Wakongo wa kambini bado walimwita Opeje, kwa zile herufi tatu za Kifaransa za cheo chake, na miaka saba ya kuuza mitumba haikumwondolea jina hilo. Ndiyo maana kamati ya uchaguzi, ilipokwama, ilimpelekea karatasi yeye.

Uchaguzi wenyewe ulikuwa wa mwenyekiti wa jumuiya ya Wakongo wa kambi. Si ikulu, lakini mwulize mtu aliyenyimwa nchi mbili kama anadharau kura moja. Kamati iliongozwa na Ezechiel Havyarimana, Mrundi, mwalimu mstaafu, aliyechaguliwa kwa sababu moja tu: hakuwa na shangazi wala shemeji kati ya wagombea. Mwanzoni kujiandikisha kulikuwa kufungwe Ijumaa ya mwisho wa Mei. Kisha mtu akakumbusha kwamba nusu ya watu wazima wa jumuiya hawalali kambini. Wako mjini Lilongwe; wako Kanengo wanapanga tumbaku maghalani, wako Mchesi na Area 36 wanashona na kuuza vitu vidogo, na nyumbani wanaonekana mara moja kwa mwezi, wengine hata hiyo hapana. Kamati ikasogeza tarehe mbele. Ikaweka pia siku nne za kura ya mapema, Jumamosi mpaka Jumanne, na katika siku hizo mtu aliruhusiwa kujiandikisha na kupiga kura kwenye meza ileile. Kura inaingia kwenye bahasha, bahasha inaandikwa jina na namba ya kadi ya kambi, na haifunguliwi mpaka namba ihakikiwe.

Jumamosi na Jumapili meza hiyo ilikuwa Area 36, kwenye ukumbi wa kanisa, na aliyekaa nyuma yake ni Mama Madeleine, katibu wa parokia, mtu wa Uvira. Aliandikisha watu themanini na sita. Malalamiko yalisema kwamba arobaini kati yao namba zao hazilingani na majina katika orodha ya kambi. Wa arobaini na moja namba yake ililingana sawasawa, ila mwenyewe alikuwa marehemu.

Aliyetia sahihi ni Sumaili, muuza simu na betri, wakala wa mmoja wa wagombea. Alikuwepo katika chumba cha kamati Mbaraka alipofika, amekaa wima, hajagusa chai yake. Mbaraka alimpenda kidogo kwa hilo. Mwongo hunywa chai.

Sumaili alieleza kwa utaratibu. Jana jioni kitabu cha Madeleine kilipelekwa kuchapwa, kikarudi, kikafungiwa ndani ya sanduku la bati. Yeye alichukua ile chapa, akailinganisha na orodha ya kambi jina kwa jina, usiku kucha. Halafu kulikuwa na jambo la wino. Kabla sanduku halijafungwa aliona kwamba kurasa mbili za mwisho zimeandikwa kwa wino wa kijani, ilhali nyingine zote ni bluu. Mbaraka alimwuliza anadhani nini. Sumaili akasema anadhani kurasa za kijani ziliandikwa nyumbani kwa Madeleine, mlango umefungwa.

"Sina kisasi na ule mama," alisema. "Lakini kule kwetu bafu balichagua kuliko bazima. Nilishaona. Sitaki kuona tena hapa."

Mbaraka naye alikuwa ameona wafu wakipiga kura, na hakubisha.

Ezechiel alimsindikiza mpaka mlangoni. Kikao cha uamuzi kilikuwa kesho, saa nne asubuhi. Alizungumza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeungama. "Kanuni ni mi niliandika, Opeje. Mufu moja akiwa ndani ya kitabu, kitabu chote kinatupwa. Nilifikiri ninalinda bantu. Sasa bantu makumi nane na sita banaweza kutupwa na mukono yangu."

Mama Madeleine alikuwa kwenye kibaraza cha parokia, akipanga vitabu vya nyimbo ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Alikuwa na miaka sitini na kitu, miwani imefungwa kwa uzi. Habari ilikuwa imemfikia. Dzaleka habari haisubiri malalamiko yapigwe chapa. Mbaraka alianza na wino. Mama alijibu bila kufikiri: kalamu ya bluu ilikufa Jumapili alasiri, akaazima ya mpishi wa ukumbi, nayo ilikuwa ya kijani. Je, ni kweli alichelewa kufunga meza? Ndiyo, kwa saa nzima. Zamu ya Kanengo ilitoka saa tisa na nusu, na kutoka Kanengo mpaka Area 36 ni kuvuka mji mzima. Watu walifika wanakimbia, vumbi la tumbaku kwenye nyusi. Awafungie mlango usoni?

Mbaraka akamwuliza kuhusu marehemu. Théophile Lwaboshi, mtu wa Fizi.

"Alikuja na karte yake," Madeleine alisema. "Picha ilikuwa yake. Alikuwa anakohoa. Mufu hakohoake, Papa Mbaraka."

Kisha akavua miwani, na Mbaraka aliona kwamba alikuwa amelia kabla hajafika. Alisema miaka arobaini anaandika ubatizo na ndoa na vifo, Uvira na hapa, na hakuna mtu aliyewahi kuja kumwambia kwamba jina si lake. Wale watu walimwamini wakampa namba zao, na siku hizi, tangu itolewe amri ya wakimbizi kurudi kambini, mtu wa mjini hampi namba yake mtu yeyote. Kitabu kikitupwa hawatarudi kwenye meza ya mtu tena, leo wala mwaka wowote. Mbaraka aliinama akaokota kitabu kimoja kilichoanguka, akakiweka mahali pake, akaaga.

Alikaa kwenye benchi la nje na ile chapa. Alianza na wino, kwa sababu ndio uliokuwa rahisi. Alihesabu. Katika kurasa za kijani kulikuwa na watu ishirini na wawili: kumi na mmoja namba zao zilikataa, kumi na mmoja zilikubali. Katika za bluu ilikuwa hivyohivyo, karibu nusu kwa nusu. Anayetunga watu hewa nyumbani, mlango umefungwa, hatungi nusu tu. Wino ulikuwa wino wa mpishi, basi.

Akazisoma namba zenyewe. Kila moja ina tarakimu sita. Alizisoma kwa kidole, kushuka, kama alivyokuwa akisoma namba za magari yaliyoibwa. Kwenye ukurasa wa pili kidole kilisimama. Alirudi juu, akaanza tena, safari hii akitafuta kitu kimoja tu. Watu themanini na sita, tarakimu mia tano na kumi na sita. Sifuri zilikuwepo, mbili zilikuwepo, saba zilijaa mpaka zinamwagika. Moja haikuwepo. Hakuna moja hata moja.

Namba yake mwenyewe ilikuwa na moja mbili. Ya jirani yake ilikuwa nayo moja. Haiwezekani watu themanini na sita wakutane Area 36, kati yao asiwepo hata mmoja mwenye moja.

Alirudi kwa Ezechiel, sanduku likafunguliwa mbele ya Sumaili. Kitabu cha Madeleine kilikuwa safi kama daftari la mtihani, kwa mwandiko wa masista, herufi zimelala upande mmoja. Na moja zilikuwemo. Mbaraka alizisoma tano za kwanza kwa sauti, Ezechiel akafuata katika orodha ya kambi. Zote tano zililingana. Sumaili aliomba asome yeye. Zikalingana tena. Ikawa wazi kwamba namba zilitoka mikononi mwa Madeleine zikiwa nzima, zikaharibikia njiani, na njia ilikuwa moja tu: duka la kuchapa.

Duka lilikuwa la Mmalawi, karibu na lango la kambi, na mchapaji alikuwa dada aitwaye Tamanda, mwenye vidole vya haraka na Kiswahili cha kutosha kuuza nacho. Mbaraka hakumwonyesha kitabu. Alichukua kipande cha karatasi, akaandika moja kama alivyofundishwa na kila mwalimu aliyewahi kumpiga kiboko: mstari wa kushuka, na juu yake paa refu linalorudi nyuma.

Akamwuliza hiyo ni nini.

"Seveni," Tamanda alisema.

Mbaraka akaandika saba ya kwao, yenye mkanda tumboni. Tamanda akasema hiyo pia ni seveni, ila imevaa mkanda, na kwamba jana alishangaa: mama aliyeandika kile kitabu alikuwa na seveni za aina mbili. Kisha akamnyang'anya kalamu, akaandika moja ya shule za Malawi, fimbo tupu, haina paa wala mguu. Wakaitazama wote wawili. Ilimchukua dada yule muda mfupi kuelewa, na alipoelewa alishika mdomo. "Pepani," alisema, "pepani, bambo." Mbaraka alimwambia asiombe radhi. Hata yeye, na Ezechiel, na Sumaili, walikuwa wamekitazama kile kitabu bila kuona kitu, kwa kuwa wote watatu waliandika moja yenye paa.

Hivyo arobaini walikuwa wamefufuka kabla ya saa sita mchana. Alibaki mmoja, na kwa kanuni ya Ezechiel mmoja alitosha kuwarudisha wote kaburini.

Mbaraka aliifungua orodha ya kambi kwenye jina la Lwaboshi. Namba yake haikuwa na moja wala saba, kwa hiyo paa na mkanda havikumhusu. Marehemu wengine wote katika orodha walikuwa na tarehe ya kifo, na wengi jina la hospitali. Lwaboshi hakuwa na tarehe. Kulikuwa na neno moja la Kichewa, limeandikwa na karani wakati wa uhakiki wa Machi mwaka jana, na mbele yake jina la aliyelisema. Alimsomea Tamanda lile neno, watisiya, akamwuliza maana yake.

Tamanda alisema maana yake ni kwamba mtu amefariki. Mbaraka akauliza neno lenyewe, likivunjwavunjwa, linasema nini. Dada alifikiri. Likivunjwa, alisema, linasema ametuacha. Lakini hakuna anayelivunja. Ukimwambia Mmalawi watisiya, anavua kofia.

Mbaraka alilielewa haraka, kwa kuwa na Kiswahili kina ujanja huohuo: ametutoka, na hakuna anayeuliza ametoka kwenda wapi. Jina la aliyelisema lile neno lilikuwa Aline Feza, mke.

Lakini kwanza alitaka kumwona marehemu.

Mwendesha kabaza, pikipiki ya kukodi, alimfikisha kwenye njia panda, gari likamshusha Kanengo saa nane kasoro. Hewa ya kule ina tumbaku kiasi kwamba mgeni hupiga chafya kabla hajasalimia. Nje ya ghala, kando ya ukuta, wanawake walikuwa wakiuza nsima, ugali wa Malawi, na dagaa, na wafanyakazi wa zamu wamechuchumaa na sahani. Mbaraka alifanya kosa la kutoa karatasi. Aliuliza kwa Kiswahili kama kuna mtu amjuaye Lwaboshi wa Fizi, na Kiswahili chote kikafa pale ukutani. Watu aliowasikia wakicheka kwa lafudhi ya miji ya Baraka na Uvira ghafla hawakujua lugha yoyote.

Akairudisha karatasi mfukoni, akanunua nsima, akachuchumaa nao. Alikula matonge matatu. Kisha akasema, bila kumtazama mtu, kwamba bahasha zao za Area 36 bado hazijafunguliwa, na kesho huenda zikatupwa.

"Juu ya nini?" aliuliza mtu wa pembeni, mwembamba, mwenye ovaroli ya kijivu.

"Juu moja yenu alikufaka. Théophile Lwaboshi."

Tonge la yule mtu lilibaki hewani. Alikohoa kwanza, kikohozi cha vumbi, akajifuta mdomo kwa mkono wa ovaroli. "Nilikufa siku gani?" aliuliza.

Mbaraka alimwambia: Machi, mwaka jana, siku ya uhakiki. Théophile alihesabu kwa vidole. Alisema alikuwa ametoka kambini mwezi mmoja kabla, akamwambia mkewe kwamba anarudi baada ya wiki mbili. Mbaraka alingoja. Alikuwa amesikia maungamo mengi katika kazi yake, na hili, kwa kadiri alivyoweza kupima, lilikuwa na uongo mdogo kuliko mengi. Kazi ya kwanza ilimfukuza bila kitu. Akaona haya kurudi mikono mitupu, akatafuta ya pili. Simu ikapotea na namba zote. Akatuma salamu mara mbili kwa watu, hakujua kama zilifika. Baada ya miezi sita aliona haya kwa sababu ya ile miezi sita, na baada ya mwaka hakujua aanze na neno gani. Hakujitetea zaidi ya hapo.

Mbaraka alimtaka afike kambini kesho saa nne. Théophile alitazama lango la ghala. Akikosa siku moja, alisema, nafasi yake anapewa mwingine, na barabarani polisi wakimwuliza namba hajui watamfanya nini. Mbaraka alikubali kwamba ni kweli, yote mawili. Hakumsukuma. Alirudisha sahani kwa mama wa nsima, akasimama.

"Papa," Théophile alisema nyuma yake. "Tangu nitoke kambi, ile bahasha njo kitu ya kwanza yenye baliandika jina yangu. Hapa baniitaka Ovaroli."

Aline Feza aliuza nyanya, meza ya tatu kutoka kwa Mbaraka. Mwaka mzima Mbaraka alinunua nyanya kwake, akimpunguzia ubishi kwa kuwa ni mjane. Jioni ile alimkuta akishindana bei na wanawake wawili wa Kimalawi, kwa Kichewa chepesi, cha utani, kisichotafuta neno. Mbaraka alisimama akasikiliza mpaka mwisho. Mtu anayesema Kichewa namna hiyo hakosei watisiya.

Wateja walipoondoka alinunua nyanya nne, akamwambia moja kwa moja kwamba Théophile yu hai, yuko Kanengo, anakohoa lakini anakula. Aline hakushtuka. Alizipanga upya nyanya zilizobaki, kubwa juu. Mbaraka akamweleza habari ya kitabu, ya watu themanini na sita, ya kanuni. Akamwambia kwamba kamati haitaridhika na sura ya mtu. Kifo kiliingia kwenye orodha kwa kinywa cha mke, na kwa kinywa cha mke kitatoka.

"Karani aliuliza bwana iko wapi," Aline alisema. "Nikasema watisiya."

"Ulitaka kusema alienda, ao alikufa?"

"Nilisema neno moya. Ye njo alichagua maana." Kisha akaongeza, "Nikaona anaandika, nikamwacha. Mufu hakuambiake anarudi kisha wiki mbili. Batoto balilia siku tatu, bakamaliza. Mbele ya pale balikuwa banalia kila siku, kila gari yenye inasimama."

Mbaraka alishika nyanya zake nne bila kujua azitie wapi. Hasira haikuwemo katika sauti ya yule mama. Ilikuwa imeshatumika yote. Alimwonea huruma na hakuificha. Alimwambia kwamba katika ripoti yake ataandika neno halikueleweka, kwa kuwa huo ni ukweli, na kwamba hakuna mtu atakayeandika uongo juu ya jina lake. Aline aliuliza kama atatolewa kwenye mstari wa wajane. Siku ya mgao wa mahindi mstari wa wajane ni mfupi, mtu anarudi mapema kwenye meza yake. Mbaraka akajibu kwamba ndiyo, atatolewa.

Aline alisema atafikiri. Akamwongezea nyanya ya tano, kama alivyozoea.

Jumanne saa nne kamati ilikaa, na kibarazani mlango wa pili meza ya kura ya mapema iliendelea na kazi, kwa kuwa ilikuwa siku yake ya mwisho. Sumaili alikuwa ameomba, na akaruhusiwa, kulinganisha zile namba arobaini yeye mwenyewe, kutoka kitabuni. Alifika na macho mekundu. Alisimama akasema mbele ya watu wote kwamba arobaini ni kweli, kwamba alikosea juu ya wino, na kwamba anamwomba Mama Madeleine radhi. Madeleine aliinamisha kichwa. Kisha Sumaili, ambaye alikuwa mtu wa haki mpaka anachosha, akauliza habari za yule marehemu.

Marehemu alikuwa mlangoni. Alikuja na ovaroli yake ya kijivu kwa kuwa hakuwa na nguo nyingine ya heshima, na harufu ya tumbaku iliingia chumbani kabla yake. Alitoa kadi. Ezechiel alitazama picha, akatazama uso, akamtazama Sumaili. Sumaili alisema kwa upole kwamba kadi inaweza kuazimwa na uso unaweza kufanana. Alitaka mtu wa nyumba yake. Mbaraka, ambaye angesema vilevile kama angekuwa Sumaili, hakumpinga. Aliomba wangoje.

Walingoja. Ikawa saa nne na nusu. Théophile alisimama wakati wote, mikono nyuma, ingawa kulikuwa na kiti. Ikakaribia saa tano. Ezechiel alichukua kalamu, akaitazama kanuni aliyoiandika kwa mkono wake, akaiweka chini kalamu, akaichukua tena.

Aline aliingia na beseni la nyanya kichwani, kama mtu anayepita njia. Alilitua karibu na mlango. Hakusalimia. Ezechiel alimsomea lililoandikwa katika orodha, akamwuliza kama anamjua mtu huyu.

Alimtazama mumewe kwa muda mrefu, kuanzia viatu. Madeleine alikuwa ameshika uzi wa miwani yake.

"Huyu ni Théophile Lwaboshi," alisema. "Ni bwana wangu. Alituacha. Hakukufa."

Ezechiel akamwomba aweke sahihi, akaweka. Katika ripoti Mbaraka aliandika mstari mmoja: neno la Kichewa lenye maana mbili, limesahihishwa na aliyelisema. Sumaili aliondoa malalamiko yake. Ezechiel akatangaza kwamba kitabu cha Area 36 ni halali, bahasha themanini na sita zote. Madeleine alilia tena, safari hii bila kujificha.

Théophile alikuwa akitafuta neno la kuanzia. Ilionekana usoni. Lakini Aline alikuwa amemgeukia Madeleine, akimwuliza kama kujiandikisha bado kuko wazi.

Madeleine alijifuta macho, akamwambia kuko wazi mpaka saa kumi, akatangulia kwenye meza ya kibarazani, akampokea aliyekaa pale kalamu. Alifungua ukurasa mpya. Aliandika jina, kisha namba, pole pole. Alipofika kwenye moja alisita, akaiandika kama fimbo tupu, haina paa. Mbaraka alikuwa nyuma yake na aliona ilivyompa taabu.

"Mkuu wa kaya?" Madeleine aliuliza, maana ndivyo safu iliyofuata ilivyosema.

Théophile alikuwa amewafuata mpaka pale. Alifungua mdomo.

"Mi," Aline alisema.

Madeleine aliandika hivyo. Théophile alifunga mdomo. Alirudi ndani, akainama, akalibeba lile beseni la nyanya, akasimama nalo kibarazani mpaka mkewe alipomaliza kupiga kura.